Nyumba kwanza: utalii wa Mji Mkongwe kwa jicho la mtu wa majengo

Mtu akiniuliza kama utalii unauharibu Mji Mkongwe wa Zanzibar, nami humuuliza: nyumba unayoizungumzia ilikuwa na vyoo vingapi, na leo ina vingapi? Wengi hudhani namfanyia mzaha. Walitarajia niwazungumzie wageni wanaopita Mkunazini mabega wazi, mapapasi, yaani madalali wa watalii, wanaowaganda watu bandarini, au vichochoro vya Hurumzi vinavyojaa makundi ya watalii asubuhi hata mama anayetoka Darajani na kikapu chake akakosa pa kupita. Hayo yapo, na yanaudhi. Lakini kaptura haijawahi kuangusha ukuta. Maji yameangusha nyingi.

Mimi ni msanifu wa majengo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuziingia nyumba za mji huu kabla hazijageuzwa hoteli, au baadaye, pale mambo yanapoanza kuvuja. Kwa hiyo nitaanza na nyumba yenyewe, maana mijadala mingi ya urithi na utalii huanza na watu na kuishia kwa watu, nyumba ikabaki kuwa picha ya nyuma tu.

Nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, kuta nene za nusu mita au zaidi. Baina ya ukuta na ukuta hulazwa boriti za mikoko. Boriti ya mkoko hairefuki utakavyo, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ni urefu wa boriti, kiasi cha mita tatu hivi, na fundi alilazimika kuufuata. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa mchanganyiko wa chokaa na vijiwe, ukatwangwa mpaka ukakamaa. Sakafu hiyo ni nzito mno. Uzito wote huo unabebwa na ncha za boriti zilizozama ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki.

Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Masika unalowa, kipupwe na kiangazi unakauka. Haukukusudiwa kuzuia maji. Ulikusudiwa uyaachie yatoke. Ndiyo sababu mafundi wa zamani waliweka choo na bafu pembe moja ya nyumba, kimoja juu ya kingine, ili pembe hiyo ndiyo ilowe na nyumba iliyobaki ibaki kavu. Familia nzima ikitumia bafu moja au mawili, kwa ndoo na kata, nyumba iliweza kustahimili kwa zaidi ya karne.

Sasa chukua nyumba hiyohiyo uifanye hoteli ya vyumba kumi na viwili. Mgeni wa leo hakubali kushirikiana bafu, na mwenye hoteli hawezi kumlaumu, maana ndicho anacholipia. Basi kila chumba kinapata bafu lake, popote nafasi ilipopatikana. Mabomba yanachimbiwa ukutani. Vigae vinapigwa juu ya sakafu ya chokaa kwa saruji. Bomba moja likitoa jasho tu, maji hayatoki nje kumwonya mtu. Yanaingia ukutani na kuzifuata ncha za boriti. Chini kumepigwa siling bodi nyeupe nzuri ili mgeni asitazame miti myeusi, kwa hiyo hakuna anayeona. Siku ya kuja kuona, boriti imeshakuwa unga.

Halafu kuna matangi. Maji ya mji hayaaminiki, kwa hiyo kila hoteli huweka akiba yake juu ya dari. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji, bado hujahesabu tangi lenyewe. Nimekuta matatu yamepangwa kwenye kona moja ya paa, na pembeni yake mkahawa wa juu wenye meza, majiko na wageni wanaotazama jua likizama. Paa lile liliwekwa watu waanike nguo na kupunga upepo usiku wa joto.

Unyevu ukianza kuonekana ukutani, hatua ya kwanza ya wengi ni kuita fundi akwangue chokaa na kupiga plasta ya saruji. Ukuta unakuwa laini, unapakwa rangi ya mafuta, mwenye nyumba anafurahi. Saruji haipitishi mvuke kama chokaa. Maji yaliyokuwa yakitoka yanafungiwa ndani, pamoja na chumvi iliyomo kwenye mawe na inayokuja na upepo wa bahari. Chumvi inaganda nyuma ya plasta, inavimba, inaisukuma, na inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Fundi anaitwa tena, anapiga saruji nzito zaidi. Nimeona kuta zilizopita mzunguko huu mara kadhaa zikawa zinaumuka kama mkate wa mofa uliozidishwa hamira.

Nisieleweke vibaya. Sizipigi vita hoteli, na sikubaliani na wenzangu wanaosema mji ulikuwa salama mpaka watalii walipokuja. Mji ulikuwa unaanguka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wakaondoka, wakaingia wapangaji kutoka mashamba, Pemba na Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mji, mara nyingi familia kadhaa katika nyumba iliyojengewa familia moja. Kodi ilikuwa ndogo na hakuna aliyejiona mwenye jukumu la paa. Kufika miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikiporomoka masika baada ya masika. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa 1985 kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya watalii, ambao wakati huo walikuwa wachache. Mpango mkuu wa uhifadhi ulioandaliwa pamoja na taasisi ya Aga Khan miaka ya 1990, ukarabati wa Jumba la Zahanati ya Zamani pale Malindi lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan, kisha kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, yote hayo yalifuata. Na ukweli ni kwamba nyumba kadha wa kadha zilizosimama leo Shangani na Kiponda zimesimama kwa sababu mtu aliona biashara ndani yake.

Tatizo langu ni mpangilio wa fedha. Nani anakula kwanza, na nani anangoja makombo?

Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inamiliki nyumba nyingi Mji Mkongwe. Nyumba hizo zilitolewa na watu waliotaka thawabu iendelee baada yao: mapato yaende msikitini, kwa mayatima, kwa masikini, au kwa kizazi cha mtoaji. Katika fikihi ya wakfu, yaani sheria zake za Kiislamu, kuna kanuni ambayo wanaopanga utalii wangeisoma wangejiokolea makongamano mengi. Mapato ya wakfu hulipa kwanza matengenezo ya wakfu wenyewe. Paa kabla ya yatima. Si ukatili huo, ni hesabu. Paa likianguka, yatima wa leo atakuwa amekula na yatima wa mwakani hatapata kitu.

Utalii wetu unakwenda kinyumenyume. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki tano. Mwaka 2024 walipita laki saba. Wengi wao wanakwenda Nungwi, Kiwengwa au Paje, na mjini wanakuja kutwa moja au kulala usiku mmoja, lakini hakuna tangazo la utalii wa Zanzibar lisilo na mlango wa nakshi au kichochoro cha Mji Mkongwe. Picha inauza chumba cha ufukweni. Kila mtu kwenye mnyororo huo analipwa, mwenye ndege, mwenye hoteli, dereva, mwongoza watalii, serikali kupitia kodi, na yule mwenye mlango uliopigwa picha hapati hata ya kununulia mafuta ya kuupaka.

Kukusanya fedha si kazi ngumu, tumeshajua hivyo. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima anayeingia Zanzibar kutoka nchi za nje anatakiwa kukata bima ya dola 44. Mgeni amezoea, analipa kwenye mtandao kabla hajapanda ndege. Mimi ningetaka sehemu ndogo ya kinachokusanywa kwa wageni, hata dola moja kwa kichwa, ifungwe kisheria kwenye mfuko wa matengenezo wa Mji Mkongwe, na mfuko huo uhudumie kwanza nyumba zinazokaliwa na watu. Dola moja kwa wageni laki saba ni dola laki saba kwa mwaka. Haijengi kasri, lakini inaziba mapaa mengi.

Nasema mapaa kwa makusudi. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, inatufundisha hapo, na ni somo chungu. Jumba lile lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, likanusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, likaja kuwa makumbusho, likawa kwenye kila kadi ya posta. Halikukosa umaarufu wala wageni. Sehemu yake ilishaanza kuanguka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, mnara wa saa na upande wa mbele uliporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha. Kiujenzi jumba lile ni mchanganyiko: mawe ya matumbawe na boriti kama nyumba zetu, pamoja na nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma iliyoliwezesha kuwa na kumbi pana kuliko boriti ya mkoko. Chuma na hewa ya bahari havipatani. Jengo la namna ile linahitaji mtu wa kulikagua kila mwaka, apake, azibe, abadilishe kipande kimoja leo na kingine kesho. Sisi hungoja msaada mkubwa, na msaada mkubwa una kawaida ya kufika wakati jengo halihimili tena hata kuguswa.

Nirudi kwenye wakfu, maana kuna kinaya ambacho sitaki kukiruka. Nyumba za wakfu zenyewe mara nyingi hazitimizi kanuni ya wakfu. Kodi zake ni ndogo kiasi kwamba haziwezi kulitengeneza paa, na kuzipandisha hadi bei ya soko maana yake ni kumtoa bibi aliyezaa wanawe mle ndani akahamie Fuoni au Mwanakwerekwe, ili chumba chake kipangishwe kwa siku kwa mtu aliyekiona kwenye simu. Nimekaa vikao ambavyo suala hili linaletwa kama lina majibu mawili tu: huruma au biashara.

Kuna jibu la tatu, nalo liko mbele ya macho yetu. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, zile zilizopangana kwenye njia za biashara kama Hurumzi na Mkunazini, zilijengwa duka chini, familia juu. Duka lililisha nyumba. Leo fremu ya chini kwenye njia ya watalii inaweza kutoza kodi ya maana kabisa kwa mwuza viungo, mwuza kahawa au mwuza kanga. Iachwe ilipe bei ya soko, na kodi hiyo ijulikane kwa mkataba kuwa ni ya paa na kuta, kisha ghorofa za juu zibaki kwa familia kwa kodi nafuu. Mgeni anapata anachokitaka, yaani mji ulio hai, na nyumba inajitengeneza.

Wenzangu wa utalii hupenda kusema wakaazi ni muhimu kwa sababu wanaleta "uhalisia". Neno hilo linanikera, linamfanya jirani yangu awe pambo. Wakaazi ni muhimu kwa sababu wanasikia tone la maji usiku. Mtu aliyezaliwa katika nyumba anajua ufa upi ni wa zamani na upi umeanza mwaka huu. Anapanda juu kabla ya masika kuondoa majani kwenye mfereji wa paa, kwa sababu mwaka alioacha, kitanda chake ndicho kilicholowa. Meneja wa hoteli hubadilika, mwenye hoteli yuko ng'ambo, na mgeni wa usiku mmoja hana haja ya kuripoti doa la unyevu. Lamu, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka mmoja baada yetu, ina tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Pale na jirani yake Shela, nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni na kutengenezwa kwa ustadi, nyingine kwa ustadi kuliko zetu. Kisha zinafungwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyumba iliyofungwa haipati hewa. Mchwa na ukungu ndio wapangaji wake.

Kuhusu vibali nina malalamiko ya kitaalamu. Sheria na taratibu zetu zimejikita sana kwenye sura ya nje: urefu, madirisha, roshani, milango, rangi. Ni sawa, na mara nyingine hata hilo limetushinda. Hoteli kubwa iliyojengwa Mambo Msiige, Shangani, na kufunguliwa 2015, ilitufikisha mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia tukijieleza. Tusidhani kuondolewa kwenye orodha ni vitisho vitupu. Oman ilipoteza hifadhi yake ya wanyama waitwao choroa mwaka 2007, Dresden ya Ujerumani iliondolewa 2009 kwa sababu ya daraja, na Liverpool ikafuata 2021 kwa ujenzi wa kwenye gati zake. Lakini wakati tunabishana juu ya mita moja ya urefu, ndani ya nyumba kunabomolewa kuta, kunapasuliwa sakafu, na behewa, yaani ua wa katikati ya nyumba, iliyokuwa ikivuta hewa safi inafunikwa vioo iwe mapokezi. Sura inabaki, nyumba imekufa.

Kibali cha kugeuza nyumba kuwa hoteli kingepaswa kuuliza mambo ya kuchosha kabisa. Mabafu mangapi, na je, yamepangana wima? Mabomba yanapita wapi? Uzito wa maji juu ya paa ni kilo ngapi? Mwenye nyumba mwenye busara hahitaji hata kungoja sheria. Mabomba ayapitishe kwenye mkondo wazi unaoweza kufunguliwa, yasizikwe ukutani. Tangi kubwa liwe chini, juu libaki dogo la kusukumiwa kwa pampu. Maji ya viyoyozi yasiachwe yadondokee ukuta wa jirani. Boriti ziachwe wazi zionekane, na ncha zake zigongwe na kusikilizwa kila mwaka kabla ya mvua. Chokaa irudi pale palipotolewa chokaa.

Hapo kwenye chokaa ndipo tunapokwama kwa njia nyingine. Chokaa nzuri inachomwa, inazimwa kwa maji, inalowekwa shimoni miezi mingi kabla ya kutumika. Mfuko wa saruji unapatikana duka la jirani, na fundi kijana amejifunza nondo na zege kwa sababu ndiko kwenye kazi. Mafundi wanaojua kupiga sakafu ya chokaa sasa ni wazee, na wachache. Boriti nazo si za kukata ovyo tena, maana mikoko yetu inalindwa, na inastahili kulindwa. Fedha za utalii zingelipia vijana wakae chini ya wazee hao, ningekuwa tayari kusamehe mikahawa kadhaa ya juu ya paa.

Jambo la hadithi nitaligusa kwa ufupi, ingawa lingestahili makala yake. Miji ya kitalii hutengeneza historia inayouzika. Waongoza watalii wengi huwaambia wageni kwamba misumari ya shaba yenye ncha milangoni ni ya kuzuia ndovu wa vita, katika kisiwa ambacho ndovu wa vita hakuwahi kukanyaga. Mtindo huo umetokana na Bara Hindi. Hilo linachekesha tu. La Mkunazini halichekeshi. Vyumba vya chini ya jengo la Mtakatifu Monica huoneshwa kama mahali walipofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa, na baadhi ya wanahistoria wamehoji hilo kwa hoja nzito, wakisema jengo lile ni la wamisionari na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Soko la watumwa lilikuwapo pale, lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu likajengwa juu ya ardhi yake. Ukweli huo peke yake unatosha kumfanya mtu asimame kimya. Mimi ningeandika ubishi wenyewe kwenye kibao, mgeni ausome. Hadithi ina uzito hata kwenye majengo: paa linalotengenezwa ni la jengo lenye hadithi iliyouzika, na nyumba ya kawaida ya Sokomuhogo isiyo na sultani wala mwanamuziki maarufu inaendelea kuvuja.

Swali ninaloulizwa zaidi na wenye nyumba ni vyumba vingapi vya wageni vinafaa. Hakuna namba ya kila nyumba, lakini kwa nyumba ya kawaida ya ghorofa mbili za juu yenye pembe moja ya maji, jibu langu mara nyingi huwa vinne, mara chache sita, na familia ibaki na ghorofa yake. Mwenye nyumba hupiga hesabu, akaniambia kwa vyumba sita biashara hailipi, anataka kumi na viwili. Humwambia biashara yake ni nzuri, ila inataka kiwanja Paje.